Mwonjaji wa Gungu

Baada ya arobaini ya Mwamvita
nilibaki na jiko, chupa ya mawese,
na migebuka mitatu ikinitazama.

Kundi la kwanza aliniingiza shemeji:
watu mia mbili, sahani zinang'aa,
hakuna aliyewahi kuunguza kitu.
Niliuliza, mawese yakitoa moshi nifanyeje?
Wakanijibu kwa vikatuni vya kucheka.
Nikatoka.

La pili lina watu kumi na mmoja.
Bi Nyamwiza wa Mwandiga
alinikaribisha kwa picha ya ugali wake,
mbichi katikati, umepasuliwa ili niuone vizuri.
Ntahondi, fundi cherehani, hatumi picha,
hutuma sauti ya sufuria:
"Sikiliza. Hapa mafuta bado yananung'unika.
Ngoja… ngoja…
Yamenyamaza. Tia samaki."

Nikategea sikio simu,
kisha sufuria,
kisha tena simu.

Jana nimetuma picha yangu ya kwanza:
mkia umekatika, mchuzi umesimama.
Kimya kirefu. Halafu Bi Nyamwiza:
"Chumvi umeonja, au umekisia?"

Nimekisia, nikaandika.
Sikuandika kwamba miaka thelathini
mwonjaji wa nyumba hii
nilikuwa mimi.