Sufuria ya Ajida

Huku Cimpunda hatuna king'ora.
Mwizi akiingia unapiga sufuria,
jirani anadakia, wa juu yake anadakia,
mlima mzima unalia alumini
hadi chini ziwani.
Polisi nao wanasikia.
Kituo chao kiko hatua mia mbili, nimezihesabu
siku nilipokwenda kueleza mlango wangu uliovunjwa,
nikaombwa kwanza pesa ya karatasi.

Ndiyo maana usiku ule wa mvua,
iliposikika sufuria moja, peke yake,
kutoka nyumba ya kupanga ya Ajida Mbuyamba,
hakuna aliyedakia.

Nilikuwa macho. Sufuria yangu miguuni, mwiko juu yake.
Nilijua mume yuko zamu, nilijua anayepiga ni Kapinga,
yule anayenunua kwangu makaa ya kopo moja moja
na Kiswahili chake bado kinajikwaa.
Nikasema moyoni: na wao waonje.
Nikahesabu mapigo. Kumi na tisa. Ishirini na sita.
Kisha mtoto akalia,
na kilio cha mtoto hakivai gwanda.

Nikapiga.
Nilipiga kwa hasira, sijui hasira ya nani.
Cirimwami akadakia, akadakia mjane wa seremala,
tukatoka na mapanga na mwanga wa simu,
tope hadi magotini.
Wezi walikwisha kushuka na redio, na godoro.

Asubuhi ajida akaja uani kwangu bila bereti.
Sikumpa kiti.
Akasema: "Mwezi wa pili, mlipopiga ninyi, tulisikia.
Tulikuwa wawili, risasi tatu, tochi haina betri.
Tuliogopa, mama.
Nikaandika kitabuni: usiku umepita salama."

Angeweza kunyamaza. Nami ningeweza.
Nikamwambia: ishirini na sita.
Hakuelewa. Nikamweleza.
Akatazama makaa kwa muda mrefu
kama mtu anayetafuta yaliyo mabichi.

Hatukupeana mkono.
Karatasi bado inauzwa pale kituoni, nasikia imeshuka bei.
Lakini Jumamosi alibeba sufuria ya mkewe, kitako kimebonyea,
akaitundika kwenye msumari nje ya mlango wa kituo,
chini kiasi,
mkono wa mtoto ufike.

Hakuna aliyeipiga bado.
Mvua tu huipiga, usiku,
na mlima mzima tunaamka kidogo,
tunasikiliza.