Usiizime

Bi Nyevu aliipandisha ngazi mwenyewe,
orofa ya pili, nyuma ya Mwembe Tayari,
kompyuta imefungwa kwa shuka,
fundo juu, kama nguo za dobi.
"Usiipigepige," akasema kabla ya salamu.
"Waliokutangulia wote walipiga."

Mashine ya mwaka wa tisini.
Rangi yake ilikuwa maziwa, sasa ni chai.
Kampuni ya mizigo ilipofungwa, pale Kilindini,
ndiyo aliyopewa badala ya mishahara mitatu.

Niliiwasha. Feni ikatema vumbi na mende mkavu.
Kioo kikaandika kwa kijani kwamba hakioni diski.
Nikainamisha sikio.
Ndani, mota ikajaribu: nnn.
Ikanyamaza.
Nnn.
Kama mtu atakaye kutaja jina, na jina limemkwama.

Nikamweleza. Humu mna sahani,
na juu yake vichwa, vidogo kuliko punje ya mchele,
kazi yao kuelea bila kugusa.
Ukizima, vinatua. Ukizima miaka kumi na minne
katika chumba cha Tudor chenye kuta za chumvi,
vinaganda
kama kaimati zilizolala na shira kwenye sinia:
ukiivuta moja kwa nguvu, inaacha ngozi.

"Basi usivute."

"Mna nini humu?"
"Daftari la mchezo. Tulikuwa wanawake ishirini na wawili.
Mwanasiti Shoka alikufa na elfu saba zangu.
Wanawe waniambia: lete karatasi."

Nikashuka saluni kwa Dama kuazima mashine ya kukaushia nywele.
Nikakipasha kibati taratibu
hadi kikawa na joto la paji la mtoto mwenye homa.
Nikakishika kiganjani, waya zikining'inia, stima imo.
Husemwa haraka haina baraka. Hapa ni kinyume:
kiwiko kitulie, kifundo kizunguke, robo duara,
ghafla, na kurudi.
Mara ya kwanza, nnn.
Ya pili, nnn.
Bi Nyevu akaacha kujipepea.
Ya tatu nilihisi kabla sijasikia:
kitu kiliachia, kidogo,
kama vidole vya mtoto aliyesinzia
vinavyoachia nguo ya mamake.
Kisha mluzi, ukapanda, ukapanda, ukatulia juu.

Usiizime, nikajiambia kwa sauti.
Nikanakili kila kitu bila kuchagua:
bili za meli, barua kwa forodha,
barua moja ya kuacha kazi, haina tarehe.
Mwisho, MCHEZO98.

Akasoma kwa kidole juu ya kioo.
Mwanasiti Shoka. Amempa Nyevu 7,000.
Karo ya Kahindi, muhula wa pili.
Kidole kikasimama.
Chini Dama alikuwa akipiga kelele, mteja ana kichwa kibichi.
"Soma wewe."
Nikasoma.
"Soma tena."

Nikamwambia diski za zamani wakati mwingine hukosea.
Akanitazama.
"Karo nimeiandika kalo. Hilo ni kosa langu,
nimelikosea maisha yangu yote."
Akakaa juu ya kasha la betri.
"Nilikwenda matangani kwake nikanuna.
Sikugusa hata chakula."

Sina printa inayoelewana na mashine hiyo.
Alinakili mstari ule kwa kalamu, nyuma ya risiti,
kalo na yote, akaweka saini.
Akanilipa. Akazihesabu zilizobaki, akazirudisha kifuani.
"Iache hapa ikizunguka," nikamwambia.
"Ikilala tena, sijui kama itaamka."

Ijumaa akanipigia simu, yuko Kisauni.
Nilisikia kuku, na mlango wa bati,
na mtu ndani akiuliza, "Nani?"
"Bado inazunguka?" akanong'ona.
Mtaa mzima stima ilikuwa imekatika tangu alfajiri.
Mkono wangu ulikuwa juu ya kibati. Baridi.
"Bado," nikasema. "Ingia."