Sss

Jumapili usiku mitambo imezimwa.
Tuulikki Rautiainen anapita kiwandani na tochi
na sikio. Mimi nambebea ngazi.
Nje theluji imefika madirishani;
ndani, mabomba yanasema: sss.

Ghorofa ya sita wamechapa ripoti:
jani bichi jaladani, mwaka 2050,
neno "safari" mara kumi na tisa.
Karatasi ni yetu wenyewe, ile nzito.

Yeye ana utepe mwekundu mfukoni.
Penye sss anafunga kifundo.
Valvu ya tatu. Kiungo nyuma ya tangi la rojo.
Hewa tuliyoisukuma kwa umeme wa makaa
inatoroka hapa bila kumfanyia mtu kazi,
mshahara katika mfuko uliotoboka.

Kunapambazuka, vifundo mia mbili na kumi na vinne.
Hyvärinen wa fedha anasoma hesabu ya penseli:
"Gasketi moja itaokoa dunia?"
"Hapana. Itaziba tundu."
Ukuta wenu wa 2050, nikasema kimoyomoyo,
nani ataujenga, nyufa zikiachwa?

Juni kompresa ya nne ilizimwa, haikuwashwa tena.
Hakuna aliyepiga makofi.
Ukimya haupigiwi makofi.

Jana nilimkuta Tuulikki chini ya boila kuu.
Hiyo haivuji popote;
inaunguza kama ilivyoundwa kuunguza.
Utepe umebaki urefu wa kidole.
Alikuwa ameushika, anaitazama,
akaniambia: lete ngazi ndefu zaidi.