Kumi na Mbili Nukta Saba

Redio imesema Jumanne, baada ya matangazo ya vifo:
upepo mkali, kilometa arobaini kwa saa na zaidi,
mawimbi ya mita mbili, Kigoma, Katavi, Rukwa,
chukueni tahadhari.
Haikusema tahadhari inachukuliwa wapi
wala inauzwa shilingi ngapi.

Mimi naanza na paa.
Napanda, Gungu nzima ikinitazama,
kanga nimeibana kwa mkanda wa marehemu baba,
nalegeza nati nne za paneli, spana namba kumi na tatu.
Nati ya nne ina kutu, nayo ina kiburi.
Naishusha paneli kama anavyoshushwa mgonjwa,
taratibu, mguu ukiitafuta ngazi.
Bati likitaka kwenda Kongo, liende.
Paneli italala chini ya kitanda changu.

Kisha betri.
Baba aliitumikia reli miaka ishirini na sita,
simu za stesheni zilisema kwa betri zake,
hapa mwisho, ambapo reli inaliona ziwa na kusimama.
Alituachia vyumba viwili, deni la kabati,
na bomba la kioo la kunyonyea maji ya betri,
ndani lina chelezo kidogo, chapanda, chashuka.
Kijani: hai. Nyeupe: angalia. Nyekundu: umechelewa.
"Betri haifi kwa kazi," alizoea kusema,
"hufa kwa kusahauliwa."
Nasugua vichwa vyake kwa magadi na mswaki mkuukuu,
ule unga wa buluu unatoa povu, unaguna, unaondoka.
Napaka mafuta ya mgando. Naongeza maji, si ya bombani.
Umeme ungalipo nachomeka chaja:
kunywa, wee, kunywa,
kabla wenye nao hawajabadili mawazo.
Jioni napima. Kumi na mbili nukta saba.

Mama ananitazama kutoka mkekani.
Hajui volti. Anajua chupa tatu za insulini
mlangoni mwa friji ndogo, kando ya nyanya chungu,
na anajua kwa ajili ya nani nahesabu.
Friji inakula hiki, taa moja inakula hiki,
na betri hainywewi yote, nusu ibaki.
Redio, ndiyo. Televisheni, hapana.
Simu za majirani...
hapo kalamu inasimama.

Saa mbili usiku Ntahondi anagonga.
Ana vifaranga mia mbili wa siku nne
na balbu moja ya kuwatia joto.
"Dada Generoza, umeme ukikatika, watakufa wote."
Nahesabu tena. Wati sitini mara saa kumi.
Namba haina moyo, ila haina uongo pia.
"Balbu siwezi," namwambia. "Lete maboksi."

Basi usiku ule vyumba viwili
vililaza roho mia mbili na tatu,
madumu ya maji ya moto tumeyavika masweta,
harufu ya pumba, na mlio mdogo mdogo
kama mvua isiyojiamua.
Tukasubiri upepo.

Upepo haukuja.
Ulipita mbali kusini, walisema asubuhi, bila kuomba radhi.
Taa haikupepesa hata mara moja.
Ntahondi akabeba maboksi akicheka,
mtaa ukacheka naye,
nami nikapanda tena na spana yangu
mbele ya macho yale yale.

Alhamisi, saa tisa mchana, hakuna jani linalotikisika,
ziwa limenyooka kama shuka lililopigwa pasi,
friji ikakohoa, ikanyamaza.
Mtaa mzima ukasema: aah!
Labda nguzo, labda nyani, labda deni.
Nikabonyeza swichi ya inveta,
ikaitika kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake,
na friji ikaendelea pale ilipoishia.

Mama akanyoosha mkono, akaigusa betri
kwa kiganja, kama agusavyo
paji la uso la mtoto aliyepoa homa.

Mlango ukagongwa.
Alikuwa Ntahondi, hacheki,
na nyuma yake, simu mkononi, Gungu.