Kwa Atakayeishika Baada Yangu

Kitabu chake kimo kwenye droo ya vijiko,
kwa Kiarabu, kwa Kihindi, kwa lugha zenye vitone na mikia.
Lugha yetu haimo. Nimepekua kurasa zote.
Basi pokea hiki, nilichoandika nyuma ya risiti
za duka la Mawaleh, usiku,
mizigo ikiwa imeshafungwa kamba.

Kwanza chomoa plagi. Si kuzima tu: chomoa.
Mashine hii ina ugonjwa wa kuamka yenyewe,
na vidole havina duka.

Mfuko usiungoje ujae. Ukifika nusu, mwaga.
Tumbo likishiba, pua haivuti;
utasukuma zulia la majilisi toka asubuhi hadi adhuhuri
na vumbi litakutazama tu.
Mwagia nje, nyuma ya tangi la maji,
upepo ukiupa mgongo.
Siku za gharbi usimwage kabisa.
Ule mchanga unajua njia ya kurudi nyumbani
kuliko mimi na wewe.

Chujio lioshe kwa maji matupu, bila sabuni.
Kitabu kinasema (alinisomea Shadha, binti yao)
likaushwe kivulini, kutwa kucha.
Kitabu hakijawahi kuishi Maskati mwezi wa sita.
Hapa wali haujaiva, nalo limeshakauka kau.
Ila bonyeza sifongo ya ndani. Mimi nilidanganyika mara moja,
nyumba ikanuka soksi za mpira
mbele ya wakwe.

Ijumaa wakishafukiza, kaa mbali na chetezo.
Kaa la moto liliwahi kuingia.
Tundu nililiziba kwa gundi na kipande cha leso yangu;
tangu hapo kila ikinguruma hupumua udi,
na Bi Ghaliya alikuwa akisema,
"Leo imekoga, hii."

Brashi la chini: lipindue, kata nywele kwa wembe,
polepole, mkanda ni mwembamba kama utambi.
Nyeusi ndefu ni za Shadha.
Za hina ni za Bi Ghaliya.
Baada ya Idi za hina zikaanza kuzidi.
Nilizikata, nikazikunja kwenye karatasi, nikanyamaza.
Daktari alikuja kujua miezi miwili baadaye.
Siku hizi brashi ni jepesi kusafisha.

Sasa bomba.
Likianza kupiga mluzi, jua limezibwa.
Waya wa hanga usitie, utatoboa. Tumia mpini wa fagio,
ufunge kitambaa kwenye ncha.
Humo nimetoa kokwa za tende, baisa hamsini,
jino la utoto,
na kipuli kimoja cha dhahabu, chenye lulu.

Kipuli hicho nilikisikia kabla sijakiona.
Kwa ajili yake alirudishwa aliyekuwepo kabla yangu,
Mwanaidi wa Korogwe,
bila mshahara wa miezi miwili.
Nilikiweka juu ya meza ya chai, na vumbi lake.
Mwenye nyumba alikigeuza, akakipuliza,
akaniuliza kama kwenye chai nimetia tangawizi.

Kwa hiyo ukisikia kitu kimegonga ndani, kli,
zima papo hapo. Chomoa.
Usifungue peke yako.
Waite. Wakae. Wavae miwani.
Ndipo ufungue.

Mkanda wa akiba nimeubandika chini ya sinki.
Ukikatika na huo, fundi ni Shaju, Mabela,
kichochoro cha nyuma ya duka la mapazia.
Atasema riyali mbili. Mngoje acheke,
akicheka ni moja na nusu.

Na namba ya Mwanaidi iko chini hapa,
tarakimu ya mwisho ni saba, si moja,
wino umevuja.
Nimepiga sana. Inaita, haipokelewi.
Jaribu nawe.