Daftari la Vitumbua

Kumi na nne Oktoba. Ofisi zimefungwa.
Redioni hotuba ile ile, sauti yenye mikwaruzo,
nami nimekaa sakafuni, Magomeni Mapipa,
napangua sanduku la bibi yangu Somoe.

Kanga pea moja. Kadi ya chama, kona imeliwa na mende.
Chini kabisa, daftari.
Nikadhani ni dua, au majina ya marehemu wa kuombewa.
Kumbe madeni.

Kondo Mloka, vitumbua vitatu, senti kumi na tano.
Chaurembo wa Keko, viwili, na chai.
Yule Mngoni wa geti la pili, vinne, ana watoto.
Ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko wa mtu
aliyejifunza herufi ukubwani,
anazibonyeza kama anakanda unga.

Ni siku za mgomo wa makuli.
Winchi kimya, shehena inaoza melini,
na mwanamke mmoja anaamka saa tisa usiku
kuchoma vitumbua visivyo na mnunuzi,
vyenye walaji tu.

Hakuhutubia popote. Hakuna kichochoro chenye jina lake.
Karani wa bandari alipomuuliza
kwa nini anawalisha wavivu,
alijibu (mama ndiye alinisimulia):
Mimi nauza, bwana, hawa wananunua.
Fedha iko njiani.

Njia ndefu hiyo!
Ukurasa wa mwisho, tarehe tisa Desemba, sitini na moja,
kapiga mstari toka juu mpaka chini,
kaandika kwa herufi kubwa: IMELIPWA.
Isipokuwa Chaurembo.
Huyo kamwacha na deni lake, na pembeni,
kwa herufi za kuchungulia: alikuwa nazo.

Nimecheka peke yangu hadi machozi.
Nikawaza kwenda kulionyesha daftari mahali,
makumbusho, gazetini, watu wajue
kwamba aliyepewa siku hakutembea peke yake,
na waliotembea naye walikuwa wamekula.

Hodi.
Ni Tunu, anayetufulia nguo.
Nikamwambia leo sikukuu, mbona umekuja?
Akasema, kwani ni sikukuu ya nani, dada,
akapita na beseni lake uani.

Mshahara wake wa Septemba bado ninao mimi.
Wiki iliyopita aliniuliza, kwa adabu,
macho kwenye povu.
Nikamjibu fedha iko njiani.
Kwa maneno hayo hayo.