Manjano Haikutosha

Wiki nzima duka letu lilinuka kanji na majora mapya.
Kijani, majora sita. Nyeusi, manne.
Baba aliyaagiza kwa treni, akayaandika daftarini
kwa zile herufi za Kigujarati nilizochukia kuzisoma.
Manjano ilikuja nusu jora,
ikaisha siku ya kwanza, saa nne asubuhi.

Walikuja wa Isevya. Wa Ng'ambo. Wa Gongoni.
Fundi Mrisho, aliyeketi barazani kwetu na cherehani ya miguu,
alikanyaga hadi soli ikatoboka.
"Vallabhdas," akamwita baba, "bila manjano
hii si bendera, ni shuka la msiba."
Baba akacheka, kisha akaacha kucheka:
kesho yake ilikuwa tarehe tisa,
na bendera ya shule bado iko mezani, vipande.

Mama hakusema kitu. Alipanda ngazi,
tukasikia kufuli la sanduku la bati.
Akashuka na sari ya manjano,
ya siku aliyopakwa manjano usoni na mikononi,
kule Jamnagar, kabla hajaolewa,
kabla hajajua kwamba duniani kuna Tabora.
"Kata," akamwambia fundi.
Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha "mimi taka, wewe leta,"
lakini neno hilo alilitamka sawasawa.
Mrisho akarudisha mikono mapajani.
"Mama Hasmukh, hiki ni kitu cha ndoa."

Basi akachukua mkasi mwenyewe.
Vidole viwili, urefu wote wa pindo.
Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika ncha ya pili
nisiikunje, nisiiachie, nisipumue.

Asubuhi, njia ya Boma ilikuwa matope mekundu.
Walitupanga kwa kimo, si kwa shule,
nikajikuta nyuma ya Nkwabi, mtoto wa mpiga kengele wa stesheni.
Tulijuana kupitia ukuta wa uani:
yeye nje, mimi ndani,
matobolwa yanaingia, gathia inatoka,
kwenye tundu la kupitishia maji.
Sikuwahi kuona miguu yake.
Siku hiyo hapakuwa na ukuta, tukaoneana haya.
"Mwangaluka," nikamwambia.
Akageuka, meno yote nje:
"Ponjoro, nisaidie mti huu, mkono unauma."

Nikashika. Mvua ikarudi.
Kijani cha bei rahisi kikaanza kuchuja
begani kwangu, kifuani, kwenye shati jeupe la sikukuu.
Nyeusi ikafuata.
Watu walishangilia, sijui walimshangilia nani,
mimi nilikuwa natazama juu tu:
manjano ya mama haikutoa hata tone.

Miaka kumi baadaye tuliondoka kwa treni
ya njia ile ile iliyoleta majora.
Sitaki kueleza kwa nini.
Baba alieleza maisha yake yote
na hakumaliza.

Huku Leicester, tarehe tisa Desemba ni siku ya kutoa pipa la taka.
Nalitoa. Nachemsha chai, naweka tangawizi nyingi,
nakaa karibu na simu kama mtu mwenye harusi.
Mwaka mmoja nilimwambia jirani, "Leo ni sikukuu yetu."
Akaniuliza, "Ya India?"
Nikasema ndiyo. Kulikuwa na baridi, mlango uko wazi.

Bendera ile sijui iliishia wapi.
Nkwabi naye sijui.

Mama alikufa mwezi wa Machi.
Nirupama, dada yangu aliyezaliwa baada ya mambo haya,
aliitandaza sari kitandani, akasikitika.
"Tazama, Hasmukh, panya wamekula pindo."
Sikumjibu haraka. Niliweka vidole vyangu penye pengo:
viwili, vikazidi kidogo,
maana vyangu vimenenepa kuliko vyake.

"Panya gani," nikamuuliza,
"anayekula kwa mstari ulionyooka hivi?"